Ngazi Kwanza, Mkasi Baadaye: Mwongozo wa Kulitunza Darasa Baada ya Wageni Kuondoka

Siku ya uzinduzi jengo la shule halihitaji msaada wa mtu yeyote. Rangi bado inanukia, vioo vyote viko mahali pake, bawaba hazilii, na kibao cha marumaru kimeandikwa majina ya wafadhili kwa herufi kubwa kuliko jina la shule. Mwongozo huu haushughuliki na siku hiyo. Unaanza saa kumi jioni, magari meupe yakishashika barabara ya kurudi mjini Mbarara, mahema yakikunjwa na viti vya plastiki vikipandishwa kwenye pikapu. Hapo ndipo jengo linapoanza maisha yake, na hapo ndipo wengi wetu tunapolipa kisogo.

Nauandika kwa ajili ya mwalimu mkuu, kamati ya usimamizi wa shule, viongozi wa wakimbizi wa kijiji, mwenyekiti wa baraza la kijiji (LC1), injinia wa shirika, na yeyote anayetembea na funguo mfukoni. Nitatania hapa na pale, maana habari za misumari humchosha msomaji. Hata hivyo kila ninaloagiza ninaliagiza kweli, likiwemo la mgeni rasmi kupanda juu ya paa.

Kwanza tujue tuko wapi. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, yalianzishwa mwaka 1958 na kutangazwa rasmi mwaka 1960. Waliotangulia walikuwa Wanyarwanda. Leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili kinawaunganisha wengi wao sokoni, kwenye foleni ya maji na uwanjani saa za mapumziko. Watoto wa Wanyankole wa vijiji jirani husoma katika madarasa hayohayo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki ya elimu ya msingi sawa na raia, kwa hiyo paa linalovuja Rubondo au Juru, kanda za Nakivale, ni paa la shule ya Uganda, halina uraia mwingine.

Kipimo kinachotumiwa na serikali ni wanafunzi wapatao 55 kwa chumba kimoja. Nakivale chumba kubeba zaidi ya mia ni jambo la kila siku. Fikiria maana yake kwa mlango: unafunguliwa, unasukumwa na kuegemewa mara mbili zaidi ya alivyokadiria mchoraji. Sakafu inakanyagwa mara mbili, dawati linakaliwa na watano pale palipopimwa watatu. Jengo la namna hiyo linazeeka haraka bila kosa la mtoto hata mmoja, na ndiyo sababu linahitaji matunzo kuliko jengo la shule tulivu ya mjini.

Tena wakati umebadilika. Mwaka 2025 misaada ya nje ilikatwa vibaya, na mashirika yaliyokuwa yakijenga yakaanza kuhesabu mafuta ya gari. Uganda, yenye wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya Afrika, ilishazindua Mpango wa Elimu kwa Wakimbizi na Jamii Wenyeji tangu Septemba 2018, na fedha zake hazijawahi kutimia. Kwa miaka hii, darasa ambalo Nakivale inaweza kulipata kwa bei nafuu kuliko yote ni lile la zamani ambalo hatutaliacha lianguke.

Sasa tuanze na mgeni rasmi. Kabla hajapewa mkasi wa kukatia utepe, apewe ngazi. Ukiwa chini, kila paa ni zima. Bati la geji 32 na la geji 28 yanang'aa sawasawa siku ya kwanza, na wenye maduka ya vifaa vya ujenzi Mbarara watakueleza bila kuficha kwamba namba ya geji huenda kinyume: inavyopanda, bati linazidi kuwa jembamba. Isingiro ni nchi ya matoke, na mkulima yeyote wa huko anaujua upepo unaolaza shamba zima alasiri moja. Upepo huo hauchagui kati ya mgomba na shule.

Mheshimiwa akifika juu, ashike ukingo wa bati autikise. Atazame kama misumari imepigiliwa kwenye mgongo wa wimbi la bati. Iliyopigiliwa bondeni imewekwa kwenye njia ya maji na itavuja msimu wa kwanza. Achungulie chini ya paa aone kama mbao zimefungwa ukutani kwa ukanda wa chuma au zimelazwa tu zikimwachia Mungu kazi ya fundi. Akishuka, akate utepe, tutampigia makofi kwa moyo mmoja. Muda upo: hotuba zikipunguzwa dakika ishirini hakuna atakayelalamika, hata aliyezitayarisha. Na ngazi ibaki shuleni. Ifungwe kwa kofuli stoo, iandikwe kwenye daftari la mali ya shule. Shule yenye kibao cha marumaru na isiyo na ngazi imenunua vitu kwa mpangilio mbaya.

Kutoka kwenye paa tunashuka hatua moja tu, kwenye mfereji wake, na hapa naomba tukae kidogo. Nikiulizwa ni kitu gani kimoja nitengeneze Nakivale yote kwa pesa chache, nitajibu mifereji ya paa. Hesabu yake mtoto wa P.5, yaani darasa la tano la msingi, anaiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Jengo la vyumba viwili lenye paa la mita 20 kwa 8 lina mita za mraba 160. Mvua ya milimita 30 inalimwagia lita 4,800. Hata ukitoa yanayoruka na kuvuja, unabaki na mamia ya madumu ya manjano ambayo hakuna mtoto aliyeyabeba kichwani. Katika makazi ambayo maji mengi huvutwa kutoka Ziwa Nakivale, yakasafishwa na kugawiwa kwenye mabomba yenye foleni, hilo ni jambo kubwa.

Lita hizohizo 4,800, mfereji ukiwa umeziba majani au umelegea ncha moja, zinamwagika palepale kila mvua inaponyesha. Zinachimba udongo wa msingi, zinaruka na kulamba lipu ya chini, zinaingia chini ya sakafu. Baada ya misimu michache ufa unaonekana chini ya dirisha, halafu unapanda. Methali ya ufa na ukuta hufundishwa kila mwaka, na mahali pengine inafundishwa chini ya ufa wenyewe, mwalimu akiutumia kama mfano.

Dawa yake inahitaji mwavuli. Mvua ikianza kunyesha kwa nguvu, Mwalimu Mkuu, toka nje. Zunguka jengo polepole. Tazama maji yanadondokea wapi, yanatuama wapi, tangi linapokea au linatazama tu. Watu watasema Mwalimu amerukwa na akili. Waache waseme, wewe andika. Dakika ishirini za mvua zitakuonyesha mambo ambayo ukaguzi wa Julai, ardhi ikiwa kavu, hauwezi kuyaona. Kisha mvua ikikatika panda ngazi, zoa majani, kaza vishikio, safisha chujio la mdomo wa tangi ili mbu wasifanye makazi. Kuzunguka jengo mwaga ukanda wa saruji, hata mwembamba, na uchimbe mtaro wa kuyaondoa maji. Kazi hii haina sherehe, na wenye kamera hawataifuata. Lakini jengo litaijua.

Tufike sasa kwenye ugonjwa wenyewe, ule unaozaa mengine yote. Darasa la Nakivale lina wenyewe wengi. Ardhi iko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. UNHCR inaratibu, na mashirika kama Windle International Uganda yamesimamia elimu kwa niaba yake. Wilaya ya Isingiro inakagua shule na kuwalipa baadhi ya walimu kwa fedha za serikali, wengine wakilipwa na mashirika. Mradi wa DRDIP, wa mkopo wa Benki ya Dunia kwa wilaya zinazopokea wakimbizi, nao umejenga. Kuna shule zilizoanzishwa na makanisa, na nyingine zilizoanzishwa na wakimbizi wenyewe kwa miti na turubai. Kila mmoja ana nia njema. Tatizo ni bawaba ya mlango wa P.3.

Bawaba ikikatika, mwalimu anamwambia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu anauliza kama jengo hili ni la wilaya au la shirika. Barua inaandikwa, muhuri unapigwa, nakala zinatumwa kwa watu watano. Wakati barua inasafiri, mlango unaning'inia kwa bawaba moja, unapasuka pembeni, kisha siku moja unabebwa usiku kwenda kuwa kuni. Sasa hakuna mlango, mbuzi wanalala darasani, madawati yanaanza kupungua. Kitu cha shilingi elfu chache kimegeuka kuwa mradi unaohitaji mfadhili, na mfadhili ataleta mkasi mwingine.

Agizo langu ni hili: kila bawaba iwe na baba yake. Au mama yake, na mara nyingi mama ndiye atakayeifuatilia. Kamati ya usimamizi, ambayo Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 imeiweka katika shule hizi, izunguke majengo siku moja na rangi na brashi. Kila chumba kipewe jina la mtu, mtu mwenye simu na nyumba inayojulikana. Ukiandika jina la ofisi umeandika hewa. Tuseme P.3 ni ya Mama Furaha: akipita njiani akaona mlango umelegea, hataandika barua. Atapiga kelele hadi fundi afike. Mradi wowote mpya usaini karatasi moja kabla ya tofali la kwanza: baada ya makabidhiano nani anapaka rangi, nani anazibua mfereji, nani anatoa fedha. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani, wazazi waisome.

Fedha, ndiyo. Ruzuku ya UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote ulioanza mwaka 1997, kwa miaka ya karibuni imekuwa takriban shilingi 20,000 kwa mtoto kwa mwaka, na humo mnatoka chaki, michezo, ofisi na matengenezo. Ni kidogo mno, na atakayesema inatosha aje aonyeshe hesabu yake. Ila hata kidogo hicho kina njia ya kukitumia. Kusafiri hadi Mbarara kununua bawaba moja ni kulipa nauli kubwa kuliko bawaba. Nunueni kwa muhula: bawaba, kofuli, misumari ya mabati yenye mpira, vitasa, mfuko wa saruji, kopo la rangi ya ubao, vioo viwili vitatu. Viwekwe ndani ya sanduku moja, pamoja na nyundo, msumeno na bisibisi, na daftari la kuandika kilichotoka na kilikokwenda. Shule yenye sanduku hilo itafunga mlango wake siku ileile ulipokatika.

Kalenda pia inatusaidia, tukiisoma vizuri. Mvua za eneo hili huja Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Likizo ndefu ya kufunga mwaka inakwisha kabla tu ya mvua za kwanza, na likizo ya baada ya muhula wa pili inaangukia kuelekea mvua za pili. Mara mbili kwa mwaka madarasa yanakuwa matupu, ardhi kavu na anga likitupa onyo. Fundi aitwe wakati huo. Kungoja hadi Aprili, watoto wakiwa ndani na ndoo sita zimepangwa kati ya madawati, ni kumtafutia fundi ajali.

Kuna fedha nyingine ambayo wengi hawaijui. Katika mikataba ya ujenzi sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa kwa muda baada ya makabidhiano, mara nyingi miezi sita au mwaka, ili arudi kurekebisha kasoro. Muda huo ukipita analipwa na mlango umefungwa. Kamati iulize tarehe hiyo siku ya kwanza, iiandike kwa chaki ya rangi ofisini, na wiki chache kabla yake ipite jengo zima na daftari: sakafu inayopasuka, dirisha lisilofunga, kitasa kilichobaki mkononi. Mkandarasi atakuja. Atanuna, lakini atakuja.

Mambo mengine nayapitia haraka. Sakafu mpya ya saruji inamwagiwa maji au inafunikwa kwa majani mabichi siku saba. Ikinyimwa maji kwa sababu maji ni haba, inatoka unga, vumbi lake linaingia vifuani na funza wanapata mahali pa kuzaliana. Heri kuchelewesha sakafu hadi maji yapatikane. Ubao upakwe rangi ya ubao. Ile desturi ya kuponda betri za zamani na kuupaka ubao iachwe, betri ina sumu na wanaoiponda ni watoto. Dawati likilegea likazwe siku hiyo, kwa kuwa la watatu lililolegea linavunjika likikaliwa na watano. Na mchwa: hao ndio wanafunzi wasiokosa siku hata moja. Njia zao za udongo zikionekana ukutani zivunjwe kila wiki, miti isiegemezwe kwenye jengo, na mbao zipakwe dawa kabla ya kupandishwa juu, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayezifikia.

Choo nakipa nafasi yake. Lengo la kitaifa ni tundu moja kwa watoto 40. Lisipofikiwa, foleni inakuwa ndefu kuliko mapumziko, na mtoto wa kike aliyevunja ungo anaamua kubaki nyumbani. Mlango wa choo cha wasichana wenye komeo la ndani ni kifaa cha elimu sawa na kitabu, nami ningeununua kabla ya kupaka rangi ukuta wa mbele unaoonekana barabarani. Mkichimba kipya, jengeni shimo lenye kuta na mlango wa kunyonyea, ili likijaa linyonywe litumike tena badala ya kuhama uwanja mzima shimo baada ya shimo.

Na radi sitanii nayo. Juni 2011 radi ilipiga Shule ya Msingi Runyanya, wilayani Kiryandongo, ikaua watoto 18. Novemba 2024 ikaua watu 14 waliokusanyika kusali katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini. Kinga ya radi ni fimbo, waya na chuma kilichozikwa ardhini, vyote vitatu vikiwa vimeungana bila kukatika. Waya huo una shaba, na shaba ina wanunuzi, kwa hiyo hukatwa usiku na fimbo ikabaki juu ikidanganya watu. Kila muhula mtu aufuate kwa macho kutoka juu hadi unapoingia ardhini. Ukikosekana hata kipande, shule iambiwe ukweli na watoto waondolewe chini ya miti na wawekwe mbali na waya huo mawingu yanapojikusanya.

Nani atafanya kazi yote hii? Tembea asubuhi moja kutoka Base Camp ya Nakivale hadi vijiji vya Wakongo na Warundi uhesabu mafundi. Kuna waashi waliojenga Bukavu na Bujumbura, maseremala, wachomeleaji, watu wa bomba. Wamejenga nyumba zao za matofali ya udongo na maduka ya Wasomali. Mkimbizi nchini Uganda anaruhusiwa kufanya kazi. Kumtoa fundi mbali kuja kubadili vioo vinne huku baba wa watoto wanaosoma humo amekaa nje na zana zake ni ubadhirifu. Alipwe, tena alipwe pesa taslimu siku hiyo, kwa sababu neno "kujitolea" limetumika mno kwa watu wasio na chakula cha jioni. Na awe na vijana wawili wa shule ya ufundi pembeni, wajifunze kwa mikono.

Jambo la mwisho linatoka mjini. Ntare School ya Mbarara ilianzishwa mwaka 1956, miaka miwili tu kabla ya Nakivale. Rais Museveni alisoma pale. Rais Kagame wa Rwanda naye alipita pale, akiwa mtoto wa wakimbizi. Shule hiyo ina chama cha wanafunzi wa zamani, na jina la shule haliwatoki mdomoni. Je, Nakivale haina wanafunzi wa zamani? Inao kwa maelfu, na wametawanyika kuliko wa Ntare: wako Kampala, Kigali, Goma, Nairobi, Marekani, Kanada, Australia na nchi za Skandinavia. Walijifunza kusoma katika vyumba hivyohivyo, wakapata ndege, wakapata kazi. Wengi wana makundi ya WhatsApp ya kabila, kanisa na ukoo. Kundi la shule ni wachache wanalo.

Ndugu yangu uliyesoma Nakivale, lifungue kundi hilo wiki hii. Mtafute mwalimu mmoja aliyebaki, muulize mfereji wa darasa lako la P.4 unahitaji mita ngapi na nani amepewa kazi ya kuutunza. Kisha mkusanye bei ya mita hizo pamoja na ujira wa fundi, muitume kabla ya mvua za Machi.